Maswali ya Wasomaji: The Doors Walikuwa Wanne

Katika toleo lililopita ukurasa huu uliitaja kwa mstari mmoja tu bendi ya roki ya The Doors ya Los Angeles, Marekani, na tangu hapo barua hazijakatika. Nimechagua sita ambazo kwa pamoja zinagusa historia ya bendi hiyo na nyimbo zake zinazopendwa zaidi. Karibu zote ziliulizia habari za mtu mmoja, mwimbaji wake Jim Morrison. Katika kuzijibu nimewaleta na wenzake watatu, kwa sababu naamini kwamba asiyewajua hao hajaisikia bendi yenyewe.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Nyumbani kwa baba mdogo kuna wimbo unaoanza kwa mvua na radi, kisha kinaingia kinanda kinachodondoka kama matone yenyewe. Baba mdogo anasema ni wimbo wa Jim Morrison. Huyo alikuwa nani? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Wimbo huo unaitwa "Riders on the Storm", na sauti unayoisikia ni ya Morrison kweli. Lakini ukiitazama santuri, pale panapoandikwa jina la mtunzi hutamwona Morrison, utaona The Doors. Bendi hii ilikubaliana tangu mwanzo kwamba mapato yatagawanywa mafungu manne yaliyo sawa, na albamu zake za awali ziliandika nyimbo kwa jina la wote. Hilo ni jambo la nadra katika kazi ya muziki, ambako mpiga ngoma mara nyingi hulipwa ujira wake wa siku na jina lake likasahaulika.

Uchukue wimbo huohuo wa baba yako mdogo. Matone unayoyasikia ni vidole vya Ray Manzarek kwenye piano ya umeme aina ya Rhodes. Mdundo ule mwepesi, unaogusa matoazi kana kwamba mpigaji anaogopa kumwamsha mtu aliyelala, ni wa John Densmore, kijana aliyekua akisikiliza jazi. Gitaa linalotetemeka kwa mbali ni la Robby Krieger. Walikuwa wakichezea mahadhi ya wimbo wa zamani wa wachunga ng'ombe wa Marekani, na humo ukachipuka wimbo mpya. Morrison aliimba beti zake kwa sauti ya kawaida, kisha akarudi kwenye maikrofoni akayanong'ona maneno yaleyale juu ya sauti ya kwanza, ndiyo maana msikilizaji huhisi kwamba nyuma ya mwimbaji amesimama mtu wa pili. Kazi hiyo ilifanyika kati ya mwisho wa mwaka 1970 na Januari 1971.

Morrison alizaliwa tarehe 8 Desemba 1943 katika mji wa Melbourne, jimbo la Florida. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la majini, na familia ilihamahama kufuata vituo vya kazi. Kijana huyo alisoma masomo ya filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na hapo ndipo alipofahamiana na Manzarek, mzaliwa wa Chicago aliyemzidi karibu miaka mitano. Mnamo Julai 1965, wakiwa wamekwisha maliza masomo, walikutana kwa bahati kwenye ufuko wa Venice. Morrison alisema kwamba alikuwa akitunga nyimbo, Manzarek akamsihi aimbe mmoja, naye akaimba kwa haya beti za "Moonlight Drive". Manzarek alisimulia mkutano huo kwa maisha yake yote, na kila mara alisema kwamba alipozisikia beti zile alijua papo hapo kuwa bendi imepatikana. Densmore na Krieger aliwapata katika darasa la kutafakari la wafuasi wa mwalimu wa Kihindi Maharishi Mahesh Yogi, na kabla ya mwaka kwisha wanne walikuwa wametimia.

Mwaka 1966 walipiga muziki katika kilabu kidogo cha London Fog, kisha katika Whisky a Go Go, ukumbi uliokuwa maarufu kwenye barabara ya Sunset. Arthur Lee, kiongozi wa bendi ya Love, alimhimiza Jac Holzman, mwenye kampuni ya Elektra, aende kuwasikiliza. Holzman alirudi usiku baada ya usiku mpaka akashawishika. Albamu ya kwanza ilitoka Januari 1967 na ya sita ilitoka Aprili 1971, kwa hiyo kazi yote ambayo dunia inaikumbuka ilifanywa katika muda usiofika miaka mitano.

Ndugu Mhariri, mnaandika "roki ya saikedelia" bila kutueleza maana yake. Je, si muziki wa walevi wa dawa za kulevya tu? — Msomaji, Mombasa

Swali lako ni la haki, na jina la bendi yenyewe litanisaidia kulijibu. Neno saikedelia limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja la nafsi na jingine la kudhihirika, na aliyeliunda mwaka 1956 ni daktari wa akili, Mwingereza Humphry Osmond, akiwa katika kuandikiana barua na mwandishi Aldous Huxley. Huyu Huxley alikuwa amekwisha kutoa kitabu mwaka 1954 kuhusu siku aliyokunywa dawa ya meskalini chini ya uangalizi wa Osmond, na jina la kitabu alilichukua kwa mshairi wa zamani wa Kiingereza, William Blake, aliyeandika kwamba milango ya ufahamu wa binadamu ikisafishwa, kila kitu kitaonekana kilivyo, yaani kisicho na mwisho. Kutoka hapo Morrison akapata jina la bendi: Milango.

Dawa zilikuwepo, na sitalificha hilo. LSD haikuwa imepigwa marufuku California mpaka Oktoba 1966, na Morrison aliitumia kwa wingi. Hata hivyo Krieger na Densmore waliingia darasa la kutafakari kwa sababu walikuwa wakitafuta njia nyingine, iliyo salama, na muziki wao umebeba utulivu wa darasa lile zaidi ya vurugu za dawa. Kilichomharibu Morrison zaidi kilikuwa pombe, ambayo haina saikedelia yoyote ndani yake.

Kwa sikio, saikedelia ni mtindo wa kupanga sauti ili msikilizaji apoteze hesabu ya wakati. Noti moja huachwa ivume chini kwa dakika nyingi, kama katika muziki wa India, huku gitaa likizunguka juu yake bila haraka. Kinanda hurudia kifungu kifupi mpaka kinageuka kuwa hali ya hewa ya wimbo. Sauti ya mwimbaji hupitishwa kwenye mitambo ikarudi imepinda. Katika albamu ya pili, "Strange Days", iliyotoka Septemba 1967, sauti ya Morrison kwenye wimbo wenye jina hilohilo ilipitishwa katika sintesaiza ya Moog, chombo cha kutengeneza sauti kwa umeme ambacho wakati huo wanamuziki wachache sana wa roki walikuwa wamekigusa. Mtu anaweza kuusikia ufundi huo wote akiwa amekunywa chai ya tangawizi tu, na ukamfikisha kulekule.

Mimi ni mpiga besi katika bendi ya dansi. Nimeambiwa The Doors hawakuwa na mpiga besi. Inawezekanaje? — Msomaji, Dar es Salaam

Nimelifurahia swali hili kuliko yote. Ni kweli kwamba jukwaani hawakuwa naye. Manzarek alikuwa na kinanda cha Vox Continental, na juu yake aliweka kinanda kingine kidogo cha Fender Rhodes, chenye sauti za besi peke yake. Mkono wa kushoto ulipiga besi na wa kulia ulipiga kinanda, kwa saa nzima na zaidi, huku ameinamisha kichwa. Alikuwa amekulia Chicago, kwenye piano za bluzi, ambako mkono wa kushoto hufundishwa kutembea peke yake bila kuusubiri wa kulia.

Wewe unayeishika besi utaelewa matokeo yake. Mkono mmoja hauwezi kupamba kama ulivyo uhuru wako kwenye nyuzi nne, kwa hiyo Manzarek alichagua vifungu vifupi na kuvirudia bila kuchoka. Urudiaji huo ndio unaomshika msikilizaji, na ndio uliomwachia Densmore nafasi ya kuyajibu maneno ya Morrison kwa ngoma, badala ya kulinda mwendo tu. Krieger naye, ambaye alijifunza gitaa la flamenko kabla ya gitaa la umeme, alipiga kwa vidole bila kipiki cha kukwanyulia nyuzi, na hakukuwa na gitaa la rithim la kumziba. Bendi yote ina hewa katikati yake. Katika muziki wetu wa dansi tumezoea magitaa matatu yanayosukana mpaka hapabaki upenyo, na ni uzuri wa aina yake; The Doors waliuacha upenyo ule wazi kwa makusudi.

Studioni mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu kinanda cha besi hakikuwa na mpigo mkali wa kutosha kwenye utepe. Larry Knechtel alipiga besi katika baadhi ya nyimbo za albamu ya kwanza, Douglas Lubahn alishiriki katika ya pili, na katika albamu ya "L.A. Woman" waliitwa Marc Benno kwa gitaa la rithim na Jerry Scheff, mpiga besi wa Elvis Presley. Ukitaka darasa la besi isiyojionyesha, msikilize Scheff katika "Riders on the Storm".

Ni nyimbo zipi hasa zinazopendwa, na wewe Mhariri unaipenda ipi? — Msomaji, Arusha

Ulimwengu ulishajibu sehemu ya kwanza: "Light My Fire". Na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie, kwa maana wimbo uliomfanya Morrison kuwa nyota uliandikwa kwa sehemu kubwa na Krieger, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa hajawahi kutunga wimbo maishani. Bendi ilikuwa na upungufu wa nyimbo, Morrison akawaambia wenzake kila mmoja aende nyumbani akatunge. Krieger aliamua kuandika juu ya mojawapo ya asili nne za dunia, akachagua moto. Morrison akaongeza ubeti wa pili, wenye giza na harufu ya mazishi. Densmore akauvika mdundo wenye asili ya Amerika ya Kusini. Manzarek akabuni ule utangulizi wa kinanda unaozunguka kama muziki wa Bach, mtunzi wa kale wa Kijerumani, ambao mtu akiusikia kwa sekunde mbili tu redioni anajua ni wimbo gani. Katikati wakaweka solo ndefu ya kinanda na gitaa juu ya kodi mbili za muziki, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja, yanayopokezana, wakifuata njia aliyoionyesha mpiga saksafoni John Coltrane.

Wimbo mzima una dakika saba. Redio za wakati ule hazikupiga kitu kirefu namna hiyo, na hapa Afrika Mashariki tunakumbuka santuri za 45 zilizougawa wimbo mmoja pande mbili. Mtayarishaji Paul Rothchild alichukua mkasi akaondoa karibu solo yote, na toleo la chini ya dakika tatu likakaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki tatu katika kiangazi cha 1967. Mwaka uliofuata José Feliciano aliupiga kwa mtindo wake wa taratibu na ukafika nafasi ya tatu. Mimi nasema bila kusita kwamba asiyesikiliza toleo la dakika saba hajausikia wimbo huo, kwa sababu kilichokatwa ndicho kilichokuwa moyo wake.

Mwezi Septemba 1967 waliitwa kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, wakatakiwa kubadili neno moja lililodhaniwa kuashiria dawa za kulevya. Morrison aliliimba neno lenyewe hewani, moja kwa moja, nao hawakualikwa tena. Kampuni ya rekodi nayo ilikuwa imekata neno la maana hiyohiyo katika wimbo wao wa kwanza kutolewa, "Break On Through", ambao ulianguka katika chati lakini leo ni miongoni mwa nyimbo zao zinazotambulika haraka zaidi.

"The End" ni habari nyingine kabisa. Ulianza kama wimbo mfupi wa kuagana na mpenzi, na usiku baada ya usiku kule Whisky a Go Go ukakua mpaka ukafika karibu dakika kumi na mbili. Krieger alilegeza uzi mzito wa gitaa ili uvume kama ala za India, Densmore akawa ananyamaza, kisha anapasuka. Mnamo Agosti 1966 Morrison aliingiza katikati yake kisa cha kale cha Kiyunani cha mtoto amuuaye baba na kumtamani mama, akakisema waziwazi jukwaani, na bendi ikafukuzwa kazi usiku uleule. Wiki hiyohiyo walikuwa tayari na mkataba wa Elektra. Mwaka 1979 mwongozaji Francis Ford Coppola aliifungua filamu yake ya vita vya Vietnam kwa wimbo huu, huku msitu ukiwaka moto, na kizazi kipya kikaigundua bendi. Sikushauri kuusikiliza mbele ya wazazi, lakini usiuache.

Vita vya Vietnam vimo pia katika "The Unknown Soldier" wa mwaka 1968, ambapo bendi inaigiza mtu akipigwa risasi mbele ya kikosi: ngoma ya kijeshi, amri, mlio, kimya. Msikilizaji akikumbuka kwamba baba wa mwimbaji, George Stephen Morrison, aliongoza manowari za Marekani katika Ghuba ya Tonkin mwaka 1964, pale vita vile vilipoanza kupanuka, ataelewa kwa nini kimya kile kinauma.

"People Are Strange", wa mwaka 1967, ni wimbo mdogo wa mgeni anayepita mtaani na kuona nyuso zote zimemgeukia kwa ubaya. Morrison alikuwa katika huzuni, akapanda mlima nyuma ya nyumba aliyokuwa akiishi Krieger, akatazama jua likishuka juu ya jiji, akateremka na maneno. Kila aliyewahi kufika mji ambako hamjui mtu anauelewa wimbo huu bila tafsiri. "Hello, I Love You" ulifika nafasi ya kwanza mwaka 1968, na albamu yake, "Waiting for the Sun", ndiyo pekee ya kwao iliyoshika nafasi ya kwanza Marekani; kwangu ni mwepesi, na mahadhi yake yanafanana mno na ya wimbo wa awali wa The Kinks, bendi ya Uingereza. Katika albamu hiyohiyo napendelea zaidi "Spanish Caravan", ambamo Krieger anakumbuka mafunzo yake ya flamenko na kuazima waziwazi kutoka kwa mtunzi wa Kihispania Isaac Albéniz. "Touch Me", utunzi wa Krieger wenye tarumbeta na nyuzi nyingi, ulifika nafasi ya tatu mapema 1969. "Roadhouse Blues" ya 1970 ni bluzi ya kuchezwa, na harmonika, kinanda kidogo cha kupulizwa kwa mdomo, mle ndani ni ya John Sebastian.

Ninaoupenda mimi haukupata kuongoza chati yoyote. Ni "The Crystal Ship", uliowekwa upande wa pili wa santuri ya "Light My Fire", dakika mbili na nusu tu. Ni kwaheri ya mtu aliyependa, na Morrison anauimba bila kupaza sauti hata mahali pamoja. Piano ya Manzarek katikati ni safi kama maji ya kisima. Wanaodai kwamba Morrison alikuwa mpiga kelele mwenye sura nzuri wakae na wimbo huu mara mbili.

Nasikia Morrison alifungwa kwa kosa la aibu. Ni kweli? — Msomaji, Nairobi

Alihukumiwa, lakini hakukaa gerezani. Tarehe 1 Machi 1969 alifika kwenye ukumbi wa Dinner Key, Miami, akiwa amechelewa na amelewa, ukumbi ukiwa umejaa kupita kiasi, akawatukana watazamaji zaidi ya alivyoimba. Alishtakiwa kwa kujianika hadharani na kwa lugha chafu. Kwamba alijianika kweli, wenzake watatu waliokuwa hatua chache kutoka kwake walikana siku zote. Septemba 1970 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani, akapewa kifungo cha miezi sita na faini ya dola 500, akakata rufaa, na alifariki kabla rufaa haijasikilizwa. Desemba 2010 jimbo la Florida lilimpa msamaha, miaka 39 baada ya kifo chake.

Madhara kwa bendi yalikuwa makubwa kuliko hukumu. Kumbi zilifuta maonyesho mji baada ya mji, na Densmore, Krieger na Manzarek wakalipia usiku ambao hawakuuharibu wao. Onyesho la mwisho la wote wanne lilifanyika New Orleans tarehe 12 Desemba 1970. Morrison alichoka katikati, akaipiga sakafu ya jukwaa kwa mti wa maikrofoni mpaka mbao zikavunjika.

Lakini angalia walichokifanya baada ya aibu hiyo. Rothchild, mtayarishaji wa albamu zote tano za awali, alisikia majaribio ya nyimbo mpya, akayadharau na kuondoka. Wao wakamwomba fundi wao wa mitambo, Bruce Botnick, awasaidie, wakaleta vifaa katika chumba chao cha mazoezi kwenye barabara ya Santa Monica, Morrison akaimbia bafuni kwa sababu mwangwi wake ulikuwa mzuri, na katika muda mfupi wakamaliza "L.A. Woman". Kwangu hiyo ndiyo albamu yao bora.

Baada ya Morrison kufa, bendi ilikwendaje? Na mtu asiyewajua aanzie wapi? — Msomaji, Zanzibar

Morrison alikwenda Paris mwanzoni mwa 1971, akitaka kuandika mashairi. Tarehe 3 Julai alikutwa amekufa katika bafu la nyumba aliyopanga, akiwa na miaka 27. Madaktari waliandika kwamba ni moyo, uchunguzi wa maiti haukufanyika, na pengo hilo ndilo lililozaa uvumi wote unaousikia. Amezikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Sanamu ya kichwa chake iliyowekwa pale mwaka 1981 iliibwa mwaka 1988, na polisi wa Paris waliipata mwaka 2025.

Wenzake walitoa albamu mbili wakiimba wenyewe, "Other Voices" mwaka 1971 na "Full Circle" mwaka 1972, kisha wakaachana mwaka 1973. Albamu hizo zina upigaji mzuri, lakini nyimbo zimekosa mtu wa kuzisema. Jambo la maana zaidi walilifanya mwaka 1978: walichukua utepe ambao Morrison alijirekodi akisoma mashairi yake siku alipotimiza miaka 27, wakakaa tena pamoja, wakaitungia muziki sauti ya rafiki aliyekufa. Albamu hiyo ni "An American Prayer".

Yaliyofuata yaliwagawa, na mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1968 kampuni ya magari ilitaka kuutumia "Light My Fire" katika tangazo. Morrison alikuwa safarini, wenzake wakakubali, naye aliporudi alikasirika kama mtu aliyesalitiwa. Densmore hakuisahau siku ile. Miaka mingi baadaye kampuni nyingine ya magari ilipotoa dola milioni 15 kwa ajili ya "Break On Through", alikataa, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki ya kuzuia, tangazo halikuwepo. Manzarek na Krieger walipozunguka na mwimbaji mwingine wakitumia jina la The Doors, Densmore pamoja na familia ya Morrison walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakashinda. Wapo waliomwona mkaidi. Mimi namwona kama mtu aliyelinda neno alilompa mwenzake ambaye hakuwapo tena kujitetea. Manzarek alifariki Ujerumani tarehe 20 Mei 2013, baada ya yeye na Densmore kuzungumza tena kwa simu, na mwaka 2016, siku ambayo angetimiza miaka 77, Krieger na Densmore walipanda jukwaa moja jijini Los Angeles wakapiga kwa heshima yake.

Kuhusu pa kuanzia, ndugu msomaji, weka kando mikusanyo ya nyimbo maarufu. Chukua albamu ya kwanza, isikilize usiku kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka, na mara ya pili usimfuate mwimbaji kabisa: fuata mkono wa kushoto wa Manzarek peke yake. Kisha nenda moja kwa moja kwenye "L.A. Woman", na katika wimbo wenye jina la albamu subiri pale mwendo unapopungua hadi karibu kusimama. Morrison anaanza kuliita jina la ajabu, Mr. Mojo Risin', ambalo ni herufi za jina lake mwenyewe zilizopanguliwa na kupangwa upya, na Densmore, nyuma yake, anaanza kuipandisha ngoma kidogo kidogo mpaka wote wanne wanakimbia tena.